Pungufu ya Dazeni

Mselem alitoka kambini mwezi wa Septemba, mwaka 1963, akiwa na cheti mfukoni na kifurushi kimoja begani. Kambi ilikuwa kusini ya Msambweni, mahali ambapo watu wenye ukoma walikuwa wakitengwa tangu zamani, wakalima mihogo yao na kuzikana wenyewe kwa wenyewe. Alikaa humo miaka tisa. Cheti kilisema, kwa maneno ambayo daktari alimfasiria mara mbili, kwamba maradhi yamekwisha mwilini mwake na kwamba hawezi kumwambukiza mtu. Vidonge vilikuwa vimeyamaliza. Lakini vidonge havioteshi vidole. Mkono wa kulia ulikuwa umebaki na gumba na vipande viwili, wa kushoto ulikuwa umejikunja haukunjuki, na nyayo zake zilikuwa hazisikii mwiba wala jiwe la moto.

Alishuka kwenye lori njia panda, akaenda kwa miguu hadi kwao Kinondo. Ndugu yake mkubwa, Iddi, alimpokea uani. Hakumkaribisha ndani. Alimtandikia mkeka chini ya upenu wa kibanda kilichokuwa cha kuwekea makumbi ya nazi, akamwambia, "Hapa utapata upepo, ndugu yangu. Ndani joto."

"Ahsante, kaka."

Chakula kililetwa katika sahani ya bati yenye alama ya rangi nyekundu chini yake. Mselem aliielewa alama ile. Hata kambini wageni walikuwa na vyombo vyao na wagonjwa vyao. Alikula, akashukuru, akaisuuza mwenyewe.

Mkewe alikuwa amefariki katika mwaka wake wa pili kambini, na habari zilimfikia baada ya arubaini kupita. Aliyebaki ni binti yao, Mishi. Alimwacha akiwa na miaka saba, na mamake alipofariki akalelewa na Iddi na mkewe Asiya. Sasa alikuwa na kumi na sita, mrefu kama mamake, na alipokuja kumwamkia babake alisimama hatua sita mbali, kanga kaivuta mpaka mdomoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

Basi. Aliondoka, na Mselem akabaki kuyatazama makumbi.

Siku ya tatu Iddi alikuja kukaa naye, kwenye kigoda, upande upepo unakotoka. Alisema Mishi amechumbiwa. Kijana anaitwa Jumbe, wa Gazi, anaendesha trekta kule kwenye miwa ya Ramisi. Mahari yamekubaliwa. Arusi ni mwezi wa Shaaban, kabla ya mfungo.

"Alhamdulillahi," Mselem akasema.

"Alhamdulillahi. Sasa kuna jambo moja." Iddi alijikuna ndevu. "Wewe ndiye walii wake. Maadamu u hai, mimi siwezi kumwoza ila kwa idhini yako. Basi nipe uwakala. Utaniambia mbele ya mashahidi wawili, hapahapa, na mimi nitakwenda msikitini niifunge ndoa. Hakuna haja ya kujisumbua."

"Watu wa Gazi wameambiwa niko wapi?"

Iddi akasema, "Tuliwaambia uko safarini."

Mselem aliitazama mikono yake. Katika ndoa za kwao, walii na bwana arusi hukaa magoti kwa magoti mbele ya mwalimu wa msikiti, wakashikana mkono wa kulia, na maneno husemwa mikono ikiwa imeshikana. Hilo ndilo Iddi alilokuwa akilikwepa kulitamka.

"Nimesharudi safari," Mselem akasema. "Nitamwoza mwenyewe."

Iddi aliinuka bila kukasirika. "Fikiri kwanza," alisema. "Na kama ni kwenda, utakwenda na nguo gani?"

Kanzu alikuwa nayo, ya zamani, imekuwa rangi ya majani ya chai lakini nzima. Koti hakuwa nalo, na mzazi wa bibi arusi bila koti juu ya kanzu angeonekana kama mtu aliyeitwa kupakua wali. Kule sokoni Ukunda kulikuwa na makoti makuukuu ya kafa ulaya yaliyotundikwa kwenye kamba. Alijaribu mawili, nayo yalimshinda palepale pa kufungia. Vifungo vilikuwa vidogo na vitundu vyembamba. Vidole visivyosikia haviwezi kukipitisha kifungo katika kitundu. Mwenye makoti alimtazama akihangaika, kisha akayapokea kwa ncha ya fimbo. Mselem akajua kwamba anahitaji koti la kushonewa, lenye vifungo vikubwa na vitanzi vya kamba badala ya vitundu, na mikono mirefu kidogo.

Duka la ushonaji la Ukunda lilikuwa la Fundi Randu, Mgiriama aliyejifunza kazi Mombasa. Alikuwa na vyerehani vitatu na mafundi wawili, na miezi ile yote ya kungojea Uhuru hakukuwa na cherehani hata kimoja kilichopoa. Kila mtu alitaka nguo mpya ya tarehe kumi na mbili Disemba: kaptula za shule, mashati ya klabu za mpira, sare za wacheza ngoma. Mselem alisimama mlangoni, akasalimu, akaeleza haja yake. Randu alikuwa nyuma ya meza ya kukatia, futi ya kupimia imemzunguka shingoni. Hakuivua.

"Sishoni pungufu ya dazeni, mzee wangu."

"Dazeni?"

"Makoti kumi na mawili, kitambaa kimoja, mshono mmoja. Kitambaa cha makoti duka la Mombasa haliniuzii yadi mbili. Wananiuzia jora zima, na jora moja latoa makoti kumi na mawili. Kisha tazama." Alipiga meza kwa kiganja. "Natandika tabaka juu ya tabaka, nakata yote kwa pamoja. Mkasi wapita mara moja. Nikianza kukata mojamoja, Uhuru utanikuta bado niko kwenye kola ya kwanza."

"Mimi ni mmoja."

"Basi tafuta wenzako kumi na mmoja," Randu akasema. Alisema kwa adabu, lakini macho yake yalikuwa kwenye mkono ulioshika fremu ya mlango wake.

Mselem alirudi Kinondo akitembea taratibu. Watu wanaokataliwa kila siku hujifunza kuzipima sauti, na ile ya Randu hakuweza kuijua: ilikuwa sheria kweli, au ilikuwa njia ya kumfukuza mtu bila kumtukana? Mwishowe aliamua kwamba ni sheria. Sheria mtu anaweza kuitimiza.

Akaanza na Iddi.

"Mimi nina koti," Iddi akasema.

Akaenda kwa watu wa msikitini, kwa wauza nazi, kwa wanaume wa rika lake aliocheza nao ngoma za jando. Alisimama nje ya ua, akapiga hodi, akaeleza: koti zuri la sufu nyepesi, rangi ya kijivu, la Uhuru na la Idi pia. Walimjibu kwa maneno mazuri. Huko pwani maneno mabaya hayasemwi upesi. "Inshallah." "Ngoja tuvune kwanza." "Nitaliuliza shauri hilo nyumbani." Mmoja alilifurahia sana jambo lile, akauliza kola itakuwa ya namna gani, kisha akauliza, "Na yatakatwa pamoja na lako? Kitambaa kimoja?" Mselem aliposema ndiyo, yule bwana akakumbuka kwamba mwanawe ana homa.

Mtu mmoja tu alikubali papo hapo. Aliitwa Mwero, mkwezi wa minazi, aliyekuwa jirani yao tangu utoto. "Niandike," alisema kutoka juu ya mnazi, kisha akateremka akacheka. "Sijapata kushonewa koti tangu nizaliwe." Mselem hakuwa na la kuandikia. Alilishika jina kichwani, akatembea nalo siku mbili kama mtu aliyebeba maji.

Siku ya tatu mke wa Mwero alikuja. Hakuingia uani. Alisimama nje, penye mihogo, akasema kwa sauti ya kutosha kusikika, "Bwana Mselem, uniwie radhi. Yule mume wangu husema kabla ya kufikiri. Tuna watoto wadogo."

"Si kitu, mama," Mselem akasema. "Nimemfuta."

Wiki tatu zilipita hivyo. Mwezi wa Oktoba ulipokaribia kwisha hakuwa na jina jingine ila lake. Alizoea kukaa upenuni akisikiliza nyumba ya ndugu yake: Asiya akitwanga, Mishi akicheka na wenziwe jambo ambalo hakulisikia vizuri. Kicheko hukoma mtu anapokaribia, basi hakukaribia. Kambini alikuwa ameota kurudi nyumbani kwa miaka tisa. Sasa, na hili lilimtia aibu, asubuhi alipoamka alinyoosha sikio kusikia kikohozi cha Tsuma, mtu wa kitanda cha pili, na badala yake alisikia majogoo.

Kisha akapata kidonda mguuni. Alikanyaga kigae bila kusikia, akatembea nacho siku nzima. Kule Kinondo hakuna aliyeweza kumfunga kidonda, basi alipanda lori mpaka kambini, na muuguzi akamwosha, akamfunga kitambaa cheupe, akamwambia apumzike siku kumi.

Wenzake walimkalisha katikati ya bweni. Tsuma, Mduruma wa Kinango aliyekuwa mchunga ng'ombe kabla ya maradhi, alimpa kigoda chake. Kavumbi, Mkamba aliyekuja pwani kukata miwa na akaishia hapo, alimletea uji katika kikombe chake mwenyewe.

"Haya, tupe habari za dunia," Kavumbi akasema. "Arusi vipi? Umeshanenepa kwa pilau?"

Mselem aliwaeleza yote. Alieleza kwa mzaha, kwa sababu mbele yao aliweza: yule bwana wa homa ya mwanawe, mke wa Mwero kwenye mihogo. Walicheka sana.

"Fundi alisema kumi na wawili," Tsuma akauliza. "Alisema wawe watu gani?"

"Hakusema."

"Basi niandike mimi."

"Tsuma, wewe utakwenda wapi na koti?"

Tsuma alifikiri. Hakuwa mtu wa maneno ya haraka. "Sina pa kwenda," alisema. "Lakini wamesema watatuwekea mlingoti hapa, bendera itapandishwa na sisi tusimame. Mimi tangu niingie hapa nimevaa nguo za msaada. Suruali hii ni ya mtu aliyekuwa mnene. Nataka siku moja nivae kitu kilichokatwa kwa ajili ya mwili wangu huu, hivi ulivyo."

Hakuna aliyecheka. Kavumbi alijiandikisha. Akaja mzee Garama, aliyepofuka, akauliza rangi. Wakaja wengine. Walikuwa na akiba zao ndogo za kazi za shambani, ambazo hazikuwa na pa kutumiwa, na mpaka magharibi majina yalikuwa tisa.

Tisa na yeye, kumi.

Alipopona alikwenda Ukunda, akasimama palepale mlangoni. "Nina watu kumi, fundi. Wawili nitawapata. Lakini tisa hawawezi kuja kupimwa. Wako kambini."

Randu aliweka mkasi chini. Mafundi wake wawili waliacha kukanyaga vyerehani.

"Siwezi kwenda huko," Randu akasema.

"Najua."

"Wanangu..."

"Najua, fundi. Nifundishe mimi."

Randu alivua futi shingoni, akaitazama, akaisukuma juu ya meza mpaka ukingoni. Kisha, kutoka upande wake wa meza, alimwita fundi mmoja asimame na akaanza kumwonyesha: bega kwa bega, bega mpaka kiwiko mpaka kifundo cha mkono, kifua chini ya makwapa, urefu wa mgongo. "Usivute. Futi ikae kama mkono wa mtu anayekuheshimu." Mselem aliishika ncha moja kwa gumba na kipande cha kidole, ile nyingine akaibana chini ya mkono wa kushoto. Ilimponyoka mara nyingi. Randu alimsubiri. Baada ya saa nzima aliweza, na Randu akampa karatasi na kipande cha penseli kinene, cha useremala, ambacho mkono wake ungekimudu.

Kazi ile kambini ilimchukua siku mbili. Aliwapima mmoja mmoja, kila mtu amesimama karibu na dirisha, na kwa kuwa mikono yake yote miwili ilishika futi, Kavumbi akaandika tarakimu. Walianza kwa kelele na utani. Walipofika kwa mzee Garama, utani ulikwisha. Mselem alipitisha futi mgongoni mwa mzee, akaweka kiganja chake begani ili ncha isitoroke. Yule mzee akatetemeka.

"Nimekuumiza?"

"La," Garama akasema. Macho yake yasiyoona yalikuwa yameelekea dirishani. "Hunishika wakinifunga vidonda. Mgongoni sina kidonda. Basi hapo hapajashikwa."

Mselem hakuondoa mkono upesi. Alimpima bega lile mara mbili, ingawa tarakimu aliijua.

Aliporudi Kinondo, Mwero alikuwa akimngojea njiani, upande wa jua, watu wote wakiona.

"Nimesikia wako kumi," alisema. "Nirudishe mimi, niwe wa kumi na moja."

"Mkeo alikuja, Mwero."

"Alikuja. Amesema lake, na mimi nasema langu. Nipime."

Akasimama akanyoosha mikono palepale barabarani. Mselem akampima. Wanawake wawili wenye ndoo walisimama kutazama, wakapita kando.

Aliyesalia alikuwa mmoja, na huyo Mselem hakumwuliza tena. Kipimo cha Iddi alikijua. Walipokuwa vijana walivaa kanzu moja kwa zamu, na mabega yao yalikuwa sawa. Alilojua zaidi ni kwamba Iddi alikuwa na tumbo kidogo sasa. Aliandika tarakimu zake mwenyewe mara ya pili, akaongeza inchi mbili kiunoni. Akiba ya miaka tisa ilitosha makoti mawili, na haikubaki kitu.

Makoti yalikuwa tayari mwanzoni mwa Disemba. Randu alimwonyesha moja, amelitandaza mezani: kijivu, bitana nyeusi, vifungo vya mti vikubwa kama senti kumi, na vitanzi vya kamba ya hariri. Kwa kuwa mshono ulikuwa mmoja, yote kumi na mawili yalikuwa na vitanzi. Mselem alivaa, akakifunga kifungo cha kwanza mwenyewe, kisha cha pili, kisha cha tatu. Ilimchukua muda, lakini alivifunga.

Randu alitazama pembeni mpaka alipomaliza. "Siku ile ya kwanza," alisema, "nilisema kweli kuhusu dazeni. Nilikuwa nimewarudisha wengi kabla yako. Lakini wewe nilipokurudisha nilifurahi kwamba ninayo sheria ile. Nimekuwa nikiifikiria furaha yangu hiyo."

"Umeshona vizuri, fundi," Mselem akasema.

Siku ya Uhuru hakuisherehekea Kinondo. Aliamkia kambini, akawasaidia wasioweza kujivika, na asubuhi wanaume kumi wa makoti ya kijivu walisimama mbele ya mlingoti. Bendera ilipanda ikasita katikati, kamba ilikuwa imejiviringa, halafu ikaenda. Watu waliokuwa wakipita barabarani kuelekea Msambweni walisimama nje ya uzio. Mmoja aliuliza kwa sauti kama hao ndio madiwani wapya. Kavumbi alimpungia mkono kama diwani. Ilikuwa siku nzuri, na ilikwisha mapema kwa sababu ya jua.

Arusi ilikuwa wiki mbili baadaye, baada ya alasiri. Asubuhi yake Mselem alimpelekea ndugu yake koti la kumi na mbili, limekunjwa vizuri.

"Ni lako. Kipimo nilikikisia."

Iddi alilishika kwa mikono miwili. Alionekana kama mtu aliyeulizwa swali mbele za watu. "Mimi nina koti," akasema tena, kwa upole, akaliweka juu ya kiti. "Mselem. Uwakala bado unaweza kunipa. Hata sasa."

"La, kaka."

Iddi akaenda msikitini na koti lake jeusi la zamani. Mselem alimfuata nyuma kidogo.

Watu wa Gazi walikuwa wamejaa safu tatu. Habari zilikwisha kuwafikia, kwa sababu alipoingia hakuna aliyeshangaa, lakini safu zilifunguka zaidi ya haja. Alikaa mbele ya mwalimu. Jumbe, bwana arusi, alikuwa kijana mwembamba mwenye kilemba kilichomzidi. Mwalimu alipowaambia washikane mikono, ami yake Jumbe alitoa leso mfukoni, akaikunjua, akamnyooshea mwalimu.

"Labda hii iwe kati yao," alisema. "Kwa heshima."

Mwalimu aliitazama leso, akamtazama Mselem, akamtazama kijana. "Leso si sharti la ndoa," akasema. "Walii ni sharti. Lakini sitamlazimisha mtu. Jumbe, wasemaje?"

Jumbe hakumwangalia ami yake. Alinyoosha mkono wake wa kulia, na Mselem akatoa wake kutoka kwenye mkono mrefu wa koti, gumba na vipande viwili, mbele ya kila mtu.

Kijana akaushika. Mselem hakuusikia mguso. Alichoweza kusikia ni joto kidogo kwenye kifundo, pale ngozi ilipokuwa bado hai. Akayasema maneno kwa sauti iliyofika mlangoni: "Nimekuoza binti yangu, Mishi binti Mselem, kwa mahari tuliyoafikiana."

"Nimekubali kumwoa," Jumbe akasema.

Dua ikaombwa. Ilipokwisha, kijana aliachilia mkono, akaufuta wake kwenye kanzu. Pengine lilikuwa jasho. Msikiti ulikuwa na joto na yeye alikuwa na hofu. Mselem aliamua kwamba lilikuwa jasho.

Wali ulipakuliwa uani kwa Iddi. Kila sinia lilikaliwa na watu watano. Mselem alielekezwa kwenye mkeka wa pembeni, na Asiya mwenyewe akamletea sinia lake: sinia zima, wali wa watu watano, nyama juu, kachumbari kando. Hakuna aliyekuja kukaa. Haikuwa dharau, alilijua hilo. Kila mtu alikuwa ameshapata mahali pake, na kila mmoja alidhani mwingine atakwenda. Alisema bismillahi akaanza kula upande wake mmoja, akiwa mwangalifu asiguse sehemu nyingine, kama kwamba wenyewe wangefika. Wali ulikuwa umeshapoa Mwero alipokuja kutoka kwenye masufuria, amevaa koti la kijivu lenye doa la mchuzi, akakaa bila kusema kitu akala kwa haraka. Alikuwa na njaa kweli. Mselem alimsogezea nyama.

Kabla bibi arusi hajatolewa, Asiya alimwita Mselem akamuage. Chumba kilijaa udi na wanawake, wakatoka wote. Mishi alikuwa amekaa kitandani, mikono imepakwa hina mpaka viwikoni, macho chini. Mselem alisimama mbele yake. Alikuwa amepanga maneno, tangu kambini alikuwa ameyapanga, na sasa hayakuja.

"Mungu akupe kheri, mwanangu."

"Amin, baba."

Mishi alinyanyua uso, na ndipo Mselem alipoona kwamba binti alikuwa akilia tangu kabla hajaingia. Mishi alinyoosha mkono. Mkono wake wenye hina ulikuja mpaka kwenye mkono wa babake, ukasita, ukashika mkono wa koti. Aliushika kwa nguvu, kitambaa kimekunjamana katika ngumi yake, na hakusogea zaidi ya hapo.

Mselem hakuuvuta mkono. Wakamwita Mishi nje, naye akaachilia.

Baada ya arusi Mselem hakukaa Kinondo sana. Hakuna aliyemfukuza. Koti la Iddi lilibaki juu ya kile kiti, kisha likatundikwa msumarini, na hakuna aliyelitaja. Mwisho wa Shaaban alimwomba ndugu yake radhi, akaenda kujenga kibanda kusini ya Msambweni, nusu ya njia kati ya kambi na kijiji, kwenye kiwanja ambacho wanakijiji hawakukitaka. Tsuma alimsaidia kukandika udongo. Randu alimletea habari mara mbili kwamba kuna watu wa kupimwa kambini, naye akawapima. Siku nyingine zote alilima mihogo. Mfungo wote alifuturu peke yake, kwa tende na uji, akisikiliza adhana ya kijiji kutoka upande mmoja na kengele ya chakula ya kambi kutoka upande wa pili.

Siku ya tatu ya Idi, Mishi alikuja. Alikuja na wifi yake, ambaye alibaki kwenye kivuli cha mkanju nje. Mishi aliingia, akakaa kwenye mkeka, si mbali sana. Alikuwa amenenepa kidogo. Alileta mahamri yaliyofungwa katika kitambaa.

Walizungumza. Mishi alimwambia kwamba kisima cha Gazi kimekuwa na chumvi kwa ajili ya kiangazi, na kwamba wanateka mbali. Mselem akasema huku kisima bado kitamu. Mishi akasema alhamdulillahi. Akauliza kama paa linavuja. Mselem akasema hajui, mvua bado. Mishi akasema Jumbe anamsalimu. Mselem akasema naye amsalimie.

Alimkaribisha chai. Akanywa.

Wifi alikohoa nje. Lori la Gazi hupita baada ya alasiri. Mishi aliaga, akavaa buibui lake vizuri, akaenda. Mselem alimsindikiza mpaka barabarani, akasimama kando ya watu waliokuwa wakingoja, mbali kidogo, mpaka lori likaja na kuondoka.

Aliporudi ndipo alipokumbuka kwamba hakumwuliza. Kulikuwa na jambo moja alilotaka kumwuliza tangu Septemba: mamake alipokuwa mgonjwa, alisema nini, alimtaja Mselem au hakumtaja. Mishi alikuwa mtoto wakati ule, lakini pengine alikumbuka kitu. Aliyafungua mahamri, yalikuwa mengi mno kwa mtu mmoja. Akatenga mengine kwa ajili ya Tsuma na mzee Garama, akafunga kile kitambaa tena, akaenda kuchota maji kabla jua halijatua.